Elgon kwa siku mbili: maporomoko ya Makingeny hadi kilele cha Koitobos

Wageni ninaowapeleka Mlima Elgon, mpakani mwa Kenya na Uganda, huanza kwa kuniuliza kuhusu buti. Heri wangeniuliza saa ya kuanza kupanda. Mlima huu una tabia ya kujifunika: asubuhi uko peupe, ikigonga saa sita mchana mawingu yameukalia. Ukilegea kitandani, kilele utakifikia, ila hutaona kitu.

1. Mwezi na malipo

Njoo kati ya Desemba na Februari. Masika yakishika, barabara ya juu huwa tope tupu. Kiingilio cha hifadhi kinalipwa kwa eCitizen, tovuti ya serikali ya Kenya, kwa hivyo malizana nacho ukiwa bado mjini Kitale, kwenye mtandao wa kuaminika.

2. Kitale, Endebess, lango la Chorlim

Matatu za Endebess zipo, na kutoka hapo bodaboda atakufikisha langoni. Hiyo inatosha kama unataka mapango tu. Kwa kilele, tafuteni gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, mchangie gharama. Langoni omba askari wa KWS (shirika la wanyamapori la Kenya) wa kutembea nanyi. Nyati wa msituni hana mzaha, na huwa hamwoni hadi mmemkaribia.

3. Makingeny

Mkiingia saa mbili asubuhi, anzeni hapa. Njia inapita chini ya miti mikubwa ya podo, mbega wakirukaruka juu, halafu unasikia maji kabla hujayaona. Maji yanadondoka kutoka ukingo wa mwamba, mbele kabisa ya mdomo wa pango, kama pazia. Kiangazi pazia huwa jembamba, lakini mimi hulipenda hivyo: unasimama nyuma yake, unatazama msitu kupitia matone. Mawe ya hapo yana ukungu wa kijani unaoteleza kama sabuni. Kanyaga kwa unyayo wote, si kwa kisigino.

Jirani kuna Kitum, pango linaloingia mlimani kama mita 200. Ndovu huja humo usiku kuchimba chumvi kwa pembe. Ukimulika ukuta kwa tochi, utaona mikwaruzo, mingine imepita juu ya kichwa chako. Lakini mulika ukiwa mlangoni. Watu wawili waliokuwa wametembelea Kitum waliugua homa ya virusi vya Marburg na kufariki, mmoja 1980, mwingine 1987, na popo ndio wanaobeba virusi hivyo. Sipeleki mgeni ndani, hata anibembeleze vipi.

4. Endebess Bluff

Kabla ya mchana pandeni hapa, mita 2,563. Ni mwendo wa kuzoesha mapafu. Mashamba ya Trans-Nzoia yametandazwa chini, na Milima ya Cherangani iko mashariki. Kuleni, shukeni, mlale mapema humo humo hifadhini.

5. Koitobos

Gari liondoke saa kumi na mbili asubuhi kamili. Barabara inaishia karibu mita 3,500. Kilele ni mita 4,222. Msitu umeisha, mianzi imeisha, sasa ni nyasi na lobelia, mimea ya milimani mirefu kumshinda mtu. Tembea taratibu kiasi cha kuweza kupiga soga. Ukishindwa kumaliza sentensi, umekimbia. Mtu wa Kisumu amezoea mita 1,100 na kidogo, kwa hivyo asione haya kupumzika. Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikifuata, dawa ni kushuka, wala si kumeza vidonge na kuendelea.

Koitobos ni mwamba uliokatwa bapa juu, kama meza. Kutoka hapo unaliona bonde kubwa la volkano, na ng'ambo yake, upande wa Uganda, Wagagai yenye mita 4,321.

Wakati mmoja nilimsubiri mgeni amalize chai ya pili. Tulianza kupanda saa nne. Juu tulipiga picha za weupe mtupu, kisha tukashuka kila mmoja ameshika mkoba wa mwenzake kama vipofu. Tangu hapo kanuni yangu ni moja: saa sita ikifika, popote tulipo, tunageuka, hata kilele kikiwa hatua mia mbele.

6. Kushuka

Kaza kamba za buti upya kabla ya kushuka, la sivyo kucha za vidole gumba zitakufa. Soksi kavu ziache kwenye gari.