Mrututu bwawani: pima kwanza, ndipo umwage

Wakuu, maji ya kijani si adui. Kijani hicho ni mwani, mimea midogo sana ya majini, na ndicho chakula cha sato. Zamisha mkono wima. Kiganja kikipotea maji yanapofika kwenye kiwiko, bwawa liko sawa. Kikipotea mapema zaidi, kijani kimezidi. Anza kwa kupunguza samadi na pumba, na ubadilishe maji kiasi. Wengi huishia hapo.

Kikigoma, ndipo mrututu, ile chumvi ya shaba ya buluu inayoua mwani.

Pima alkalini ya maji (uwezo wake wa kuzuia asidi) kwa vijiti vyake vya kupimia. Ikiwa chini ya miligramu 50 kwa lita, acha kabisa, utaua samaki. Ikizidi hapo, gawanya kwa 100: jibu ndilo gramu za mrututu kwa kila mita moja ya ujazo. Bwawa langu ni mita 20 kwa 10, kina mita 1, yaani mita za ujazo 200. Alkalini 80, basi 0.8 mara 200, gramu 160. Hazijazi hata kikombe cha chai!

Vaa glavu, yeyusha kwenye ndoo ya plastiki (ya bati italiwa). Asubuhi, jua likishawaka, nyunyizia theluthi tu ya bwawa kwa theluthi ya dawa. Theluthi nyingine ingoje wiki mbili.

Mwaka wangu wa kwanza nilimwaga wote jioni moja, kwa macho, maana muuzaji alisema "viganja viwili vinatosha". Kijani kilikufa, kikaoza, kikamaliza oksijeni. Siku ya tatu alfajiri nilikuta sato wamejaa juu ya maji, midomo wazi, wengine tayari matumbo juu.

Maswali

*Alkalini yangu ni 30. Niweke mrututu kidogo tu?*
Hapana mkuu. Weka chokaa ya kilimo, upime tena baada ya wiki chache. Ile ya kupaka ukuta usiiweke penye samaki.

*Tenki langu la maji ya kunywa lina utelezi wa kijani.*
Hapo tatizo ni mwanga. Lisugue, lioshe kwa klorini, lifunike. Likiwa jeusi ndiyo vizuri zaidi.

*Nimeweka, konokono wote wamekufa. Nimekosea?*
Hujakosea, mrututu huwaua. Ulishatumika hata kuangamiza konokono wa kichocho. Ila shaba yake haiozi, inabaki kwenye tope. Mimi bwawa hili nimeliwekea mara mbili tu.