Kuanza kupanda farasi kwa mtindo wa wachunga ng'ombe wa Marekani ukiwa Lubumbashi

Hamu ya michezo hii mara nyingi huanzia kwenye simu: farasi anatoka shoti, anaketi juu ya miguu yake ya nyuma na kuteleza mita kadhaa mchangani, huku mpandaji ameshika hatamu kwa mkono mmoja tu. Wengi wameiona ile video ya mwaka 2006 ambamo Mmarekani Stacy Westfall anayafanya hayo yote bila tandiko wala hatamu. Anayetaka kujaribu hapa Lubumbashi, ambako mwalimu utakayempata kwa kawaida amefundishwa mtindo wa Ulaya wa kuruka viunzi, anaweza kuanza bila kununua kitu chochote kutoka Texas, ilimradi akubali kwamba miezi ya mwanzo itapita kwa mwendo wa kutembea.

Kwanza elewa mtindo huu umetoka wapi, kwa sababu kanuni zake zote zinatokana na kazi. Wachungaji wa Mexico, na baadaye wa Marekani, walihitaji mkono mmoja kwa kamba ya kunasia ng'ombe. Ndiyo maana farasi hugeuka kwa kuguswa shingoni na hatamu badala ya kuvutwa mdomo, na ndiyo maana tandiko lina pembe mbele, ambako kamba ilifungwa. Pembe hiyo si mpini wa kujishikilia, ingawa kila mwanafunzi huikamata siku ya kwanza, nami nilifanya hivyo hivyo.

Kisha chagua mchezo. Katika kutenga ng'ombe, mpandaji ana dakika mbili na nusu za kuingia kundini, kumtoa ng'ombe mmoja mmoja na kumwachia farasi kazi ya kumzuia asirudi. Ni mchezo mzuri kuutazama, lakini unahitaji ng'ombe wengi wasiouzoea na farasi aliyekwisha kufundishwa, kwa hiyo uuache kwa sasa. Mbio za mapipa, yaani kuyazunguka mapipa matatu kwa kasi, zinavutia kwa wepesi wa vifaa, kwani mapipa matupu ya lita 200 hayakosekani katika mji wa migodi kama wetu. Hata hivyo, ningemshauri mwanafunzi aanze na reiningi, yaani mchezo wa miduara, mizunguko ya papo hapo, kusimama ghafla na kurudi nyuma, kwa kuwa ndio unaomfundisha farasi kusikiliza.

Farasi wa aina ya Quarter Horse, aliyepewa jina kwa wepesi wake katika mbio za robo maili, ambazo ni kama mita 400, amezaliwa kwa kazi hii, lakini si lazima kuwa naye. Mtafute farasi mtulivu, aliyekomaa, asiyeshtuka pikipiki inapopita. Kabla ya kumwuliza mwalimu, mwamkie papa anayewatunza farasi na umwulize yeye, kwa maana ndiye anayejua nani huuma na nani ana maumivu ya mgongo asiyoyaonyesha mbele ya wageni.

Somo la shingo ndilo refu kuliko yote, nalo halina njia ya mkato. Shika hatamu kwa mikono miwili, ukitumia lijamu laini, yaani chuma cha mdomoni kisichomwumiza. Ukitaka kwenda kulia, tazama kulia, laza hatamu ya kushoto shingoni mwake bila kuivuta, subiri kidogo, kisha umsaidie kwa kuipeleka hatamu ya kulia upande wa kulia. Mara tu pua yake inapogeuka, legeza zote mbili. Kulegeza huko ndiko kunakomfundisha. Anayeendelea kuvuta baada ya farasi kutii anamfundisha kwamba utii hauna faida. Zunguka miti na vichuguu kwa namna hiyo, pande zote mbili, mpaka siku utakapogundua kwamba mkono wa pili haujafanya kazi yoyote, ndipo uziweke hatamu katika mkono mmoja.

Kusimama nako kuna mpangilio wake: keti kwa uzito wote tandikoni, toa pumzi, tamka neno moja lile lile kila siku, na hatimaye inua mkono. Akishasimama, mrudishe nyuma hatua tatu au nne ili azoee kuweka uzito kwenye miguu ya nyuma. Usijaribu kumtelezesha. Wale farasi wa videoni huvalishwa viatu vya chuma vipana na laini kwenye kwato za nyuma, na hukimbia juu ya mchanga uliotandazwa kwenye sakafu ngumu. Udongo wetu mwekundu wakati wa kiangazi ni mgumu kama tofali, nao utamvunja magoti.

Kwa vifaa, tandiko la Ulaya linatosha mwanzoni. Refusha vikuku, yaani vyuma vya kukanyagia, hadi goti lako lipinde kidogo tu. Vaa kofia ngumu, hata kama wenzako watakucheka kwa kukosa pama.

Masika yana hatari nyingine. Visubi hueneza ugonjwa wa farasi wa Afrika, ambao unaweza kumwua farasi kwa siku chache, nao huuma zaidi jioni na alfajiri. Panga mazoezi jua likiwa limekwisha kupanda, uhakikishe farasi amerudi bandani kabla ya magharibi, na umwulize daktari wa mifugo kuhusu chanjo mapema, kabla mvua hazijaanza.

Ukiyataka mapipa baadaye, weka mawili ya kwanza kwa umbali wa mita 27 baina yao, la tatu mita 32 kutoka kila moja, na mstari wa kuanzia mita 18 kabla ya yale mawili. Yazunguke kwa kutembea wiki nzima. Katika mashindano, pipa likianguka unaongezewa sekunde 5, na pipa huanguka kwa sababu mpandaji amelitazama.

Mazoezi ya reiningi yapime kama waamuzi wanavyopima: unaanza na alama 70, na kila kitendo kinaongeza au kupunguza, kwa hatua za nusu alama, hadi 1.5. Jirekodi kwa simu, kisha mpe papa wa bandani aitazame na kukuhukumu. Tegemea kwamba alama zake zitakuwa chini ya zako.