Pima Mkono Kwanza: Kutambua na Kutibu Utapiamlo Mkali kwa Mtoto Mdogo

Mtoto anapoanza kukonda katika nyumba zetu za Malindi, maelezo huwahi kufika kabla ya kipimo. Huyu atasema ni meno, yule atasema ni nyuni, bibi atanong'ona kwamba mtoto kabemendwa, na katika vijiji vya Wagiriama vya Langobaya na Marafa litatajwa neno chirwa, yaani kwamba, kama ilivyo kubemendwa, ugonjwa umeletwa na kosa la kitandani la wazazi, nao wazazi wataanza kutazamana kwa lawama huku mtoto akizidi kupungua. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mama, baba, mlezi na mhudumu wa afya ya jamii, nao una ombi moja kubwa: mkono wa mtoto upimwe kwanza, siku hiyo hiyo, ndipo mengine yazungumzwe.

Kupima mkono na miguu

Kipimo cha mkono hutumiwa kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, na kifaa chake ni utepe wa rangi tatu ambao wahudumu wa afya ya jamii hutembea nao na ambao zahanati huweza kumpa mama akae nao nyumbani. Mvue mtoto nguo ya juu, mpakate au mketishe mapajani mwa mtu anayemjua ili atulie, kisha ushike mkono wake wa kushoto na kuukunja kiwiko kiwe pembe mraba. Tafuta ncha ya mfupa wa bega na ncha ya kiwiko, na katikati ya ncha hizo mbili tia alama ndogo ya kalamu. Baada ya hapo unyoshe mkono uning'inie bila kukazwa, zungusha utepe juu ya ile alama, na uhakikishe kwamba unagusa ngozi pande zote bila kubana nyama na bila kuacha uwazi. Wengi hukosea hapa kwa kuuvuta utepe kwa nguvu, na mtoto mzima akaonekana mgonjwa. Wengine huulegeza kwa huruma, na mgonjwa akarudishwa nyumbani.

Mkono wenye mzunguko wa chini ya sentimita 11.5 huangukia kwenye rangi nyekundu, nao ni utapiamlo mkali. Kuanzia 11.5 hadi kabla ya kufika 12.5 ni rangi ya njano, yaani utapiamlo wa kadiri. Kuanzia 12.5 kwenda juu ni kijani. Kliniki pia humpima mtoto uzito na urefu na kulinganisha viwili hivyo, kwa kuwa wako watoto ambao kipimo kimoja huwakosa na kingine kikawanasa. Kwa hiyo mtoto akipatikana na upungufu kwa kipimo chochote kati ya hivi, anastahili matibabu. Hata hivyo utepe usidharauliwe kwa sababu ya wepesi wake. Utafiti uliofanywa kwa watoto waliolazwa katika hospitali ya Kilifi, na kuchapishwa mwaka 2005, ulionyesha kwamba kipimo cha mkono kilitabiri hatari ya kifo angalau sawasawa na kile cha uzito kwa urefu.

Mkono ukiisha kupimwa, itazamwe miguu, na jambo hili lisirukwe hata kama mtoto anaonekana amenona. Uko utapiamlo usiokondesha bali unaovimbisha, nao ndio unyafuzi, ambao wengi wanaujua kwa jina la kwashiakoo. Mashavu hujaa, tumbo hutokeza, nywele huwa nyepesi na kugeuka wekundu, ngozi huweza kubanduka kama iliyoungua, na mtoto huwa mnyonge asiyetaka kuchezewa wala kuguswa. Bonyeza kwa vidole gumba kwenye upande wa juu wa nyayo zote mbili kwa wakati mmoja, ukihesabu taratibu mia moja na moja, mia moja na mbili, mia moja na tatu, kisha uachie. Kikibaki kishimo kwenye miguu yote miwili, huo ni utapiamlo mkali moja kwa moja, hata kama utepe umesoma kijani. Kishimo kwenye mguu mmoja tu huwa na sababu nyingine, kama vile jeraha, na mtoto apelekwe kuchunguzwa kwa hilo.

Jina hilo la kwashiakoo lina historia inayotuhusu. Daktari Cicely Williams aliliandika mwaka 1935 akiwa Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana, akilichukua kutoka kwa Waga wa huko, ambao waliutaja kuwa ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa kwenye ziwa kwa ajili ya mdogo wake. Wazee wetu wa pwani waliona jambo lile lile: mama anapopata mimba, mtoto aliye mgongoni hudhoofu. Waliona sawa, na ni haki waambiwe hivyo kwa heshima. Kinachomdhuru mtoto ni kuachishwa ziwa mapema na kuachiwa uji mwepesi na sima kavu, wala si kosa la kitandani. Na mama mjamzito anayekula vizuri na mwenye afya anaweza kuendelea kunyonyesha. Kwa hiyo mhudumu anapoingia nyumbani na kutoa shikamoo yake, asianze kwa kumwambia bibi kwamba chirwa ni uongo. Aombe ruhusa ya kupima, amwonyeshe bibi ile rangi kwenye utepe, na amwombe awe ndiye msimamizi wa chakula cha mjukuu. Bibi aliyekubali ni msaada mkubwa kuliko mabango yote ya kliniki.

Nani atibiwe nyumbani na nani alazwe

Mtoto mwenye rangi nyekundu au uvimbe apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, na huko atajaribiwa hamu ya kula kwa kupewa chakula tiba, ule uji mzito wa njugu uliochanganywa na maziwa ya unga, mafuta, sukari, vitamini na madini, ambao wengi wanaujua kwa jina la Plumpy'Nut. Akila vizuri, akiwa macho, na asiwe na ugonjwa mwingine mzito, hutibiwa akiwa nyumbani: hupewa dawa ya amoksilini kwa kuwa mwili wa namna hii huweza kuficha maambukizi bila homa, hukaguliwa chanjo zake, hupimwa maambukizi ya HIV na kuchunguzwa kifua kikuu, kisha hurudi kila wiki kupimwa na kuchukua pakiti nyingine. Pakiti moja ya gramu 92 ina kalori 500, na mtoto wa kilo 7 huhitaji kati ya pakiti 2 na 3 kwa siku, akila kidogo kidogo mara nyingi, baada ya kunyonya na kabla ya chakula kingine chochote, na kupewa maji safi ya kunywa. Pakiti hizi ni dawa ya mtoto mmoja. Najua ugumu wa kuzificha mbele ya ndugu zake wenye njaa, na ndiyo maana mama anayeona hazitoshi kwa sababu hiyo aseme wazi kliniki, asione haya.

Mtoto asiyetaka kula, anayetapika kila kitu, mwenye degedege, aliyelegea, mwenye homa kali au mwili wa baridi, anayepumua kwa shida, anayeharisha hadi macho yamedidimia, mwenye viganja vyeupe, au mwenye uvimbe uliopanda hadi mikono na uso, huyo ni wa kulazwa. Vivyo hivyo mtoto wa chini ya miezi sita anayekonda au kuvimba, au anayeshindwa kunyonya: asisubiriwe.

Safari yenyewe huweza kumuua. Kutoka Kiunga au Kizingitini hadi hospitali ya kisiwani Lamu ni mwendo wa bahari, na wakati wa kusi mashua huchelewa na upepo ni mkali. Mtoto afungwe kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, afunikwe kwa leso juu yao wote wawili, na kichwa kivishwe kofia, kwa maana mwili usio na mafuta hupoteza joto haraka. Anyonyeshwe njiani. Ikiwa yu macho na anaweza kumeza lakini hali chochote, apewe maji ya sukari, kijiko kimoja cha chai cha sukari kilichojaa kwa vijiko vitatu na nusu vya mezani vya maji safi, kwa sababu sukari ya damu ikishuka mtoto huzimika bila kelele.

Kwa nini wodini hulishwa pole pole

Hili ndilo jambo linalowakera jamaa zaidi, nami nalikazia kuliko yote. Mwili uliokaa na njaa umepunguza kazi ya moyo, figo na ini ili uishi, na ukimiminiwa chakula kingi au maji mengi kwa ghafla, moyo hushindwa. Ndiyo sababu wauguzi huanza na maziwa maalumu yaitwayo F-75, yenye kalori 75 kwa kila mililita 100, kwa kadiri ya mililita 130 kwa kila kilo ya mtoto kwa siku, au 100 tu ikiwa uvimbe ni mkubwa. Kwa mtoto wa kilo 6 asiye na uvimbe mkubwa, hiyo ni mililita 65 kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Kikombe kitaonekana kama dhihaka kwa shangazi aliyekuja na chungu cha wali wa nazi, naye aambiwe kwa upole kwamba wali huo utaliwa, lakini si wiki hii. Kwa sababu hiyo hiyo dripu haiwekwi ovyo, anayeharisha hupewa mchanganyiko maalumu wenye chumvi pungufu, na dawa ya kuongeza damu yenye madini ya chuma hungoja mpaka mtoto aanze kuongezeka uzito. Hamu ikirudi na uvimbe ukishuka, ndipo huhamishwa taratibu kwenye chakula tiba au maziwa ya F-100, yenye nguvu zaidi.

Rangi ya njano na siku za baada ya kupona

Mtoto wa njano apelekwe kliniki pia, ambako huenda akaongezewa lishe, ila kazi kubwa iko jikoni. Tumbo lake ni dogo, na uji unaomiminika kama maji hulijaza bila kumjenga. Uji uwe mzito wa kushika kijiko, wa wimbi au mtama, utiwe njugu zilizosagwa na maziwa. Tui hutia nguvu lakini halijengi mwili peke yake, basi liandamane na pojo, kunde, yai, au vidagaa vikavu vilivyotwangwa, na pembeni mchicha, boga au papai. Ale kwenye sahani yake mwenyewe, mara nne au tano kwa siku, pamoja na ziwa hadi afike miaka miwili.

Aliyetibiwa huruhusiwa mkono ukifika sentimita 12.5 na uvimbe ukiwa umekwisha kwa wiki mbili, lakini hatari haiishi mlangoni. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliofuatilia watoto 1,778 waliotibiwa utapiamlo mkali katika hospitali za Kilifi, Malindi, Mombasa na Nairobi, takriban mtoto 1 kati ya 7 alifariki katika mwaka uliofuata. Kwa hiyo tarehe za kurudi zisivunjwe, mtoto achezewe na kuimbiwa kila siku kwa kuwa akili nayo ilikaa na njaa, na nyumbani apimwe mkono na miguu kila wiki. Utepe ukiwa tayari mkononi, wapimwe na ndugu zake wote walio chini ya miaka mitano, maana wamekuwa wakila kwenye chungu kile kile.