Jinsi ya kutumia kitenzi "elude" bila kukigeuza kichwa chini miguu juu

Nahariri Kiingereza kinachoandikwa na watu wa Kiswahili. Kitenzi "elude" (kumponyoka au kumtoka mtu) wengi wanajua maana yake, lakini kwenye sentensi wanakipanga kinyume. Mkazo uko mwisho: i-LUUD. Tuanze.

Hatua ya 1: Tafuta nani anakimbizwa

Kabla hujaandika, tenga pande mbili: anayefukuzia na kinachoponyoka. Kinachoponyoka hutangulia kitenzi, aliyekikosa hufuata. Félicien Kabuga, aliyeshtakiwa kuhusika na mauaji ya kimbari ya Rwanda ya 1994, alikamatwa karibu na Paris Mei 2020. Utaandika: "Kabuga eluded investigators for more than 20 years." Baada ya kitenzi unaweza pia kuweka tendo lenyewe la kukamata: "eluded arrest", "eluded capture".

Ukitaka Kiswahili chake, "kupiga chenga" kinakaribia kabisa. Tena asili ya kitenzi hiki ni Kilatini, "ludere", yaani kucheza.

Hatua ya 2: Kipe kitu nafasi ya mbele

Hapa ndipo penye utamu, na ndipo makosa yalipojaa. Kiingereza husema "The name eludes me", "Sleep eluded her". Mwanafunzi anayewaza "nimesahau jina" huandika "I elude the name", na maana inageuka: sasa yeye ndiye anayelikimbia jina!

Dawa ni kuanza na sentensi nyingine ya Kiswahili. Badala ya "nimesahau jina", waza "jina limenitoka". Badala ya "alikosa usingizi", waza "usingizi ulimpaa". Mpangilio huo uhamishe jinsi ulivyo, neno kwa neno.

Jizoeze na habari za michezo, maana huko kitenzi hiki hakikauki. Paul Tergat wa Kenya alipata medali ya fedha ya mita 10,000 kwenye Olimpiki ya Atlanta 1996 na tena Sydney 2000, mara zote nyuma ya Haile Gebrselassie: "Olympic gold eluded Tergat." Uholanzi ilipoteza fainali za Kombe la Dunia 1974, 1978 na 2010: "The World Cup has eluded the Netherlands." Angalia wakati wa kitenzi. Tergat alishastaafu, kwa hiyo "eluded" inatosha. Uholanzi bado inacheza, basi "has eluded". Sasa jaribu Tanzania, ambayo Filbert Bayi na Suleiman Nyambui waliiletea fedha mbili Moscow 1980, lakini dhahabu ya Olimpiki bado. Jibu lako liwe "has eluded".

Sharti moja: lazima mtu awe amekitafuta kitu hicho. Ukiandika "Snow eludes Mombasa", msomaji atadhani unatania.

Hatua ya 3: Ondoa "from"

"The thief eluded from the police" ni kosa linalotokana na "escape from". "Elude" hakihitaji kihusishi chochote: "eluded the police", basi. Umbo la kutendwa, kama "He was eluded by success", halivunji sarufi, ila ni zito na mimi hulifuta. "The name is eluding me" utaisikia, lakini "eludes me" ni salama zaidi.

Hatua ya 4: Kagua majirani

Kodi hukwepwa kwa "evade": "evade tax", si "elude tax". Swali usilotaka kulijibu nalo ni "evade". "Allude to" ni kudokeza. Ikisemwa haraka inafanana sana na "elude", kwa hiyo kagua tahajia. Na kwa mlioko Marekani: katika majimbo kadhaa kosa la dereva anayekataa kusimamishwa na polisi na kutimua mbio huitwa "fleeing and eluding" au jina linalokaribiana na hilo, na ni jinai.

Hatua ya 5: Chukua na kivumishi chake

"Elusive" ni kile kisichopatikana kirahisi: "an elusive trophy". Kwa wanaoandika habari za utalii neno hili ni mtaji, maana linamfaa chui, na kakakuona zaidi, kwa kuwa hutoka usiku na kujikunja akiguswa: "the elusive pangolin". Simba waliolala kando ya barabara ya Serengeti wakipigwa picha na magari kumi, hao usiwaite "elusive".