Kufunga kipoza cha maji kwenye kompyuta ya mezani, ukiwa kwenye joto la Mombasa

Msimu wa maleleji ukiingia, upepo ukakatika na chumba kikageuka tanuri, ndipo simu yangu inapoanza: "Fundi, mashine yajizima nikicheza gemu." Wengi wanaonipigia hawahitaji kipoza cha maji hata. Wanahitaji brashi, pesti mpya ya kupitisha joto kati ya prosesa (chipu inayoendesha mashine) na kipoza chake, na kulitoa kasha kwenye kabati walikolifungia. Fanya hayo kwanza. Joto likibaki palepale na prosesa yako ni ya kula umeme mwingi, endelea kusoma.

Tuelewane jambo moja kabla hujatoa pesa: kipoza cha maji si friji. Maji yanachukua joto juu ya prosesa, pampu inayasukuma hadi kwenye rejeta, feni zinalitupa joto hilo kwenye hewa ya chumba. Chumba kikiwa digrii 32, prosesa haiwezi kushuka chini ya 32. Yule unayemtazama mtandaoni akijisifu kwa digrii 60, huenda chumba chake ni 21. Jiongezee kumi na moja ndipo ulinganishe.

Hatua ya 1: Pima kasha. Rejeta iitwayo ya 240 haina milimita 240; hilo ni jumla ya upana wa feni mbili za 120. Yenyewe hufika kama 275 kwa urefu. Unene ni kama 27, na feni 25 juu yake, kwa hiyo unahitaji zaidi ya sentimita tano kati ya paa la kasha na mazabodi, ile bodi kuu. RAM (vijiti vya kumbukumbu) ndefu zenye taa ndizo hugombana na rejeta hapo juu. Chukua rula upime, usiamini picha ya kwenye boksi.

Hatua ya 2: Ng'oa kipoza cha zamani. Hapa ndipo nilipoumbuka. Mashine ilikuwa ya AM4, yaani soketi (kiti cha prosesa) ya Ryzen, prosesa za AMD, iliyotangulia AM5. Nililegeza vishikizo, nikavuta kipoza juu kwa nguvu, na prosesa ikaja nacho, imeganda kwenye pesti kavu kama pweza kwenye jiwe. Ina pini 1,331, na kadhaa zilikuwa zimelala. Nilikaa hadi adhuhuri na ncha ya penseli ya kubonyeza, isiyo na risasi, nikiziinua moja moja huku mwenye mashine akinisimamia begani bila kusema neno. Iliwaka, alhamdulillahi, lakini shati lilikuwa limelowa.

Kwa hiyo: washa mashine, ifanyishe kazi dakika kumi ili pesti ilainike. Izime, chomoa waya ukutani. Legeza skrubu, kisha kizungushe kipoza kushoto na kulia, taratibu, mpaka kiteleze chenyewe. Usivute juu kabla hakijateleza. Kwenye AM5 na soketi za Intel, prosesa hubanwa na fremu ya chuma, hofu hiyo haipo. Pangusa pesti ya zamani kwa kitambaa kisicho na nyuzi na spiriti ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu.

Hatua ya 3: Bamba la nyuma. Kwa soketi ya Intel iitwayo LGA1700 unaweka nyuma ya mazabodi bamba lililokuja na kipoza. AMD hutumia bamba lake lilelile la mazabodi, na la AM5 halitoki, usihangaike nalo.

Hatua ya 4: Funga rejeta. Juu ya kasha, feni zikitupa hewa nje, ndipo pazuri. Ikishindikana, mbele, mradi ncha ya juu ya rejeta ipite kimo cha pampu. Usiiweke sakafuni mwa kasha. Ndani ya mfumo huu hamkosi hewa kidogo, na huongezeka mwaka hadi mwaka kwa kuwa maji hupenya polepole kwenye mipira. Hewa hupanda juu. Pampu ikiwa ndiyo iliyo juu kabisa, inameza mapovu na kufa mapema. Tumia skrubu zilizokuja nayo tu. Ndefu kupita kiasi hutoboa rejeta, na hapo umekwisha.

Hatua ya 5: Pesti na pampu. Geuza pampu, tazama shaba yake. Kuna karatasi ya plastiki? Ibandue! Kama imeshapakwa pesti kiwandani, usiongeze. La sivyo, weka kiasi cha punje ya dengu katikati ya prosesa, na kwa LGA1700 iliyo ndefu, kistari kifupi. Iteremshe pampu moja kwa moja, kisha kaza skrubu kwa mkingamo, kila moja mizunguko miwili mitatu kwa zamu, mpaka zigome.

Hatua ya 6: Waya. Waya wa pampu uende kwenye pini za mazabodi zilizoandikwa AIO_PUMP, za feni CPU_FAN. Ukiacha CPU_FAN tupu, mazabodi nyingi zitagoma kuwaka zikidai feni haipo. Ndani ya BIOS (ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla ya Windows) iache pampu ikimbie kasi yote muda wote. Feni ndizo za kupanda na kushuka kwa joto.

Hatua ya 7: Washa, ukae BIOS kwanza. Mzunguko wa pampu usome namba, si sifuri. Joto likiruka kuelekea 90 hapohapo, zima: ama pampu haizunguki, ama ile plastiki iko bado. Mlio wa maji siku ya kwanza ni kawaida. Kwenye gemu, 70 hadi 80 kwa hali yetu ya hewa ni nzuri. Ryzen nyingi za 7000 kikomo chao ni 95, Intel nyingi za LGA1700 100.

Kwa mnaokaa karibu na bahari, Nyali au Mji wa Kale: chumvi na unyevu vikichanganyika na vumbi hufanya tope kwenye mapezi ya rejeta, na skrubu hushika kutu. Kila miezi mitatu piga brashi laini, ukizizuia feni kwa kidole zisizunguke. Baada ya miaka mitano, sita, mlio wa kukoroma ukirudi na usiishe, maji yamepungua. Vingi havina pa kuongezea, nunua kingine.