Mbwa wa ghorofa ya tatu: namna ya kumkabili jirani anayevunja kanuni za jengo

Kabla hujapanda ngazi kwenda kugonga mlango wa jirani, tafuta karatasi ya kanuni za jengo lenu uisome mwenyewe. Mimi sikuisoma. Mwaka wa sita sasa ni katibu wa kamati ya wakazi wa jengo letu hapa Upanga, Dar es Salaam: ghorofa tano, fleti ishirini, lifti hatuna. Kijana mmoja alipohamia ghorofa ya tatu na mbwa wake, Simba, nilimwendea na kumwambia kwa kujiamini kwamba kanuni zinakataza. Akaniomba nimwonyeshe. Nilipoipata karatasi ndani ya jalada la zamani, ilikuwa imeandikwa: "Hairuhusiwi kufuga mifugo." Akaisoma, akanirudishia kwa mikono miwili, akasema, "Mama, mifugo ni ng'ombe, mbuzi na kuku. Huyu ni mlinzi wangu."

Sikuwa na jibu. Mtu akikuambia ana mifugo kijijini kwao, nani anamfikiria mbwa?

Kwa hiyo anza na karatasi, na ziko mbili. Ya kwanza ni hizo kanuni za jengo. Kama fleti zenu zina hati, kila moja na mwenyewe, basi kuna sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo inayowapa wamiliki chama chao na kanuni za kuendeshea jengo; muulize mwenyekiti wa chama akupe nakala. Kama jengo zima ni la mtu mmoja, kinachomfunga mpangaji zaidi ni karatasi ya pili, yaani mkataba wake wa upangaji. Huo huna haki ya kuudai, ila mwenyewe ukimwomba kwa wema anaweza kukuonyesha. Wa yule kijana ulikuwa kurasa mbili za kununua dukani, zimejazwa kwa kalamu, na hakuna neno hata moja kuhusu mnyama. Dalali alikuwa amemwambia mbwa si tatizo, muhimu kodi ya miezi sita ilipwe. Pale nikaelewa kwamba nilikuwa nikimgombeza mtu aliyeingia kwa mlango aliofunguliwa. Barua yangu ya kwanza ilipaswa kwenda kwa mwenye fleti.

Jambo la pili nalisema kwa uchungu kwa sababu nilikosea: usipeleke shauri la jirani kwenye kundi la WhatsApp la jengo. Asubuhi moja nilikuta kinyesi kwenye ngazi, nikapiga picha, nikaituma kundini nikaandika, "Mwenye mbwa ajitokeze." Mbwa alikuwa mmoja jengo zima, kwa hiyo ni sawa na kumtaja jina. Hadi jioni watu walikuwa wameshamtukana kijana wa watu, na wawili wakafika hadi kwenye kabila lake. Kesho yake mlinzi akaniita pembeni: kile kinyesi kilikuwa cha paka wa mtaani wanaolala chini ya ngazi, yeye aliwaona. Nilirudi kundini nikaomba radhi kwa maandishi, kisha nikapanda kumwomba ana kwa ana. Alinipokea, lakini wiki kadhaa tukawa tunasalimiana juu juu tu.

Baada ya hapo nikachukua daftari. Andika siku, saa ilipoanza kelele, saa ilipokoma, na kilichokuwa kikiendelea nje. Hicho cha mwisho watu hukiacha, na ndicho chenye faida kuliko vyote. Kwa siku 14 niliandika, na Simba alibweka usiku katika siku 9. Majirani walikuwa wameniapia kwamba anabweka kila siku usiku kucha, hivyo daftari lilianza kwa kutupunguzia chumvi. Nilipopitia tena nikaona siku 7 kati ya hizo 9 ni zile ambazo boza la maji lilikuja kujaza tangi letu saa 10 alfajiri. Boza linaegesha chini ya roshani ya kijana, pampu inanguruma, mbwa amefungwa hapo hapo roshanini. Angenyamazaje?

Sasa nenda ukazungumze. Chagua saa ambayo mtu ametulia. Kwa yule kijana, anayefanya kazi ya zamu bandarini, niliona Jumamosi saa 11 jioni inafaa. Nenda peke yako au na mtu mzima mmoja mnayeheshimiana naye wote. Watu watano mlangoni ni uvamizi. Salimia, uliza kazi, kaa ukikaribishwa, maji ukipewa yanywe. Kisha sema jambo lako moja tu. Mimi nilisema hivi: "Mwanangu, nimekuja kama jirani. Siku boza linapokuja Simba anabweka, na wa ghorofa ya nne wana mtoto mchanga. Naomba usiku wa boza umlaze ndani. Mlinzi atakuwa anakujulisha mapema." Sikumwambia amwondoe mbwa. Hoja hiyo ilikuwa ya mwenye fleti na mkataba, nami nilishamwandikia. Usiku ule ule Simba alilala ndani.

Kuna shida ambayo daftari haliwezi kuitatua, na katika mji kama huu wetu lazima isemwe wazi. Mzee wa ghorofa ya kwanza huenda msikitini kila alfajiri. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani yetu, mate ya mbwa ni najisi nzito; yalipogusa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Siku moja Simba alishushwa bila kamba, akamfikia mzee kwa furaha zake zote na kumlowesha kanzu. Mzee akarudi ndani, swala ya jamaa ikampita. Kijana kwao ni bara, si Mwislamu, na aliporudi kazini alidhani mzee anamchukia mbwa bure. Mzee naye aliamini amefanyiwa makusudi. Nilimweleza kila mmoja kwa wakati wake, bila kuwakutanisha kwanza. Kijana alishuka mwenyewe: "Shikamoo mzee, sikujua, naomba unisamehe." Tangu siku hiyo Simba akawa anashushwa baada ya saa 1 asubuhi, kwa kamba fupi, kwa ngazi za nyuma. Ukiwa kwenye jengo lenye watu wa dini mbalimbali, eleza sababu ya malalamiko pamoja na malalamiko yenyewe. Mtu hawezi kuheshimu asichokijua.

Wapo waliokuja kwangu usiku na kuninong'oneza kwamba mambo ya mbwa humalizwa kwa kipande cha nyama. Niliwakatalia, nikawaambia nikisikia lolote nitakwenda polisi. Sumu iliyoachwa ngazini inaweza kuokotwa na mtoto. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na kumtesa mnyama ni kosa. Zaidi ya hayo, Simba hakuchagua kuishi ghorofa ya tatu. Ukiona majirani wanaanza mazungumzo ya namna hiyo, mjulishe mwenye mbwa mapema na uite kikao.

Mbwa akiuma, usisubiri kikao wala daftari. Jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtu apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo hata kama ni mkwaruzo. Kichaa cha mbwa dalili zake zikishatokea, karibu hakuna anayepona. Kinachookoa ni chanjo kabla ya dalili. Mwenye mbwa aonyeshe kadi ya chanjo, na afisa mifugo ajulishwe. Kwa kweli kadi hiyo iombe siku ya kwanza kabisa mnyama anapoingia. Mbwa huanza kuchanjwa akiwa na miezi mitatu na hurudia kila mwaka. Kijana wetu kadi alikuwa nayo, tarehe imepita miezi minne. Alimpeleka Simba wiki ile ile.

Jirani akikataa kabisa, panda ngazi za kiserikali moja baada ya nyingine. Barua kwa mwenye fleti, ibaki na nakala yenye sahihi ya kupokelewa. Kisha kamati. Kisha ofisi ya serikali ya mtaa, kwa mwenyekiti au mtendaji, ukiwa na daftari na nakala za barua. Uchafu na harufu ni kazi ya afisa afya wa kata. Baraza la kata lipo kwa usuluhishi. Mahakamani sijawahi kufika, na sikushauri uanze huko na mtu ambaye mtaendelea kukutana naye kwenye ngazi.

Sisi tuliishia kwenye nusu ukurasa. Mwenye fleti, kijana na kamati tulisaini kwamba Simba atabaki hadi mkataba uishe, kwa masharti: kulala ndani siku za boza, kamba, ngazi za nyuma, kinyesi kuokotwa, kadi ya chanjo kuonyeshwa. Yalifuatwa karibu yote. Kuokota kinyesi nilikumbusha mara mbili. Mkataba ulipoisha kijana alipata nyumba yenye uwanja Kigamboni. Siku ya kuhama mzee wa ghorofa ya kwanza alisimama mlangoni kumuaga.

Kanuni tuliiandika upya. Neno "mifugo" tukaliondoa. Sasa inasema mbwa, kuku, bata, mbuzi na nyani hawaruhusiwi. Paka mmoja kwa fleti anaruhusiwa akiwa na chanjo. Samaki na ndege wa tunduni ruksa. Na anayeomba ruhusa ya pekee, kama kipofu mwenye mbwa wa kumwongoza, aandikie kamati na ajibiwe ndani ya siku 7. Kila mkataba mpya unabandikwa nakala yake. Nakala nyingine ziko getini kwa mlinzi, na dalali akileta mtu kuangalia fleti, mlinzi humpa yule mgeni moja mkononi kabla hawajapanda.