Kurekodi taarab kwa maiki mbili katika nyumba ya Mji wa Kale

Kundi la udi, fidla, akodioni, dumbaki na mwimbaji halihitaji maiki nane. Zinatosha maiki mbili za kondensa (zinazohitaji umeme ili zifanye kazi) aina ya kardioidi, yaani zinazonasa zaidi sauti ya mbele, za modeli moja, stendi ndefu na pau ya kuzishika pamoja. Usawa wa sauti hupatikana kwa viti, si kwa mikseri: mkishamaliza kurekodi, hakuna kitufe cha kumpunguza mpiga dumbaki peke yake.

Anza na chumba. Nyumba za zamani za Mji wa Kale zina kuta nene za mawe ya matumbawe na vyumba virefu vyembamba, kwa sababu upana ulifuata urefu wa boriti za mikoko. Piga kofi moja katikati. Ukisikia mwangwi unaotetema baina ya kuta mbili, tundika blanketi zito kwenye ukuta mmoja na utandike busati sakafuni. Dari ya boriti iache, kwani husaidia kutawanya sauti. Zima feni na friji, funga madirisha ya upande wa tuktuk, na upange kazi baina ya adhana.

Mpangilio wa kuanzia ni ORTF, uliotoka redio ya Ufaransa: vichwa vya maiki viachane sentimita 17, na pembe baina yao iwe nyuzi 110. Ya kushoto itazame kushoto, nyuzi 55 kutoka mstari wa kati. Ya kulia vivyo hivyo upande wake. Pima kutoka kichwa hadi kichwa, si kutoka kwenye vibanio, kosa ambalo wengi hulifanya. Kadibodi iliyokatwa kwa pembe hiyo inapima vizuri kuliko jicho.

Mpangilio huu hunasa upana wa kama nyuzi 95. Kundi likikaa nusu duara ya mita 3, weka stendi mita 1.5 hadi 2 mbele yao, vichwa vikiwa mita 2 juu na vimeinama kidogo. Ukisogea karibu zaidi, walio pembeni watarundikana kwenye spika na katikati patabaki shimo. Ukienda mbali sana, chumba kitameza maneno.

Mwimbaji awe katikati. Udi una sauti ndogo, kwa hiyo uwe mbele, upande mmoja. Akodioni ikae upande wa pili, nyuma kidogo. Dumbaki iwe nyuma kabisa, karibu na kati. Umbali ukiwa mara mbili, sauti inayokuja moja kwa moja hupungua kama desibeli 6, na hiyo ndiyo “mikseri” yako. Ukimweka mpiga dumbaki pembeni, mdundo wote utalemea spika moja.

Washa umeme wa volti 48 unaoendesha maiki, chagua biti 24 kwenye kinasa sauti, kisha waombe wapige kipande chenye kishindo kuliko vyote. Kilele kwenye kipimo cha kinasa kisipite desibeli -12. “Moja, mbili” ya mwimbaji haipimi kitu.

Mtu atembee kutoka kushoto hadi kulia akizungumza, nawe sikiliza kwa hedifoni: sauti isafiri bila kuruka. Halafu changanya chaneli mbili ziwe mono, yaani chaneli moja. Mwimbaji wa katikati akimezwa, kuna kebo iliyounganishwa kinyume. Kama kazi itasikilizwa zaidi kwa simu au spika moja, tumia XY: kichwa kimoja juu ya kingine, nyuzi 90. Upana wa sauti utabana, lakini mono haitaharibika. Hapa maiki inayoelekea kushoto ndiyo chaneli ya kushoto, hata kama mwili wake uko kulia.

Unyevu wa pwani ni adui wa kondensa. Maiki iliyotoka chumba chenye AC hushika ukungu ndani ikikutana na joto, na kelele za kupasuka huanza. Iache kwenye sanduku lililofungwa kwa nusu saa kabla ya kuiwasha, na baada ya kazi ihifadhi humo pamoja na vipakiti vya silika vya kufyonza unyevu.